Anza Ukumbini: Jinsi ya Kusaidia Makumbusho ya Historia Kupanga Upya Maelezo na Mkakati Wake

Mipango mikakati mingi ya makumbusho huandikiwa hotelini. Siku tatu, projekta, chai ya saa nne, na mwishowe kitabu chenye dira inayosema taasisi itakuwa kitovu cha urithi barani Afrika. Miaka mitano ikipita, mgeni bado anakuta ukutani bango lile lile lililopauka, na mwongozaji bado anatoa maelezo aliyorithi kwa aliyemtangulia kazini. Kasoro kubwa ya mipango hiyo ni kwamba walioiandika hawakuwahi kukaa na kumtazama mgeni mmoja akipita ukumbini tangu anaingia hadi anatoka.

Mwongozo huu ni wa anayeitwa kusaidia: mshauri, mhifadhi kiongozi aliyehamishiwa kituo kipya, ofisa utamaduni wa halmashauri au kaunti, mjumbe wa bodi. Tumeukadiria kwa makumbusho ya ukubwa wa kawaida huku kwetu, yaani jengo moja au mawili, pengine jengo lenyewe ni la kihistoria, na watumishi kati ya 8 na 25. Kazi nzima huchukua kama miezi sita. Maelezo anayopewa mgeni na mpango mkakati ni kazi moja, na maelezo ndiyo yanayotangulia. Ukianza na mpango utajikuta umetenga fedha za skrini, rangi na geti jipya kabla hujajua makumbusho yanataka kusema nini.

Wiki mbili za kutazama

Chora ramani ya ukumbi kwenye karatasi ya A4: kuta, milango, makabati ya vioo, mabango, benchi, feni. Toa nakala 60. Kila nakala ni ya mgeni mmoja. Kaa pembeni, na kila mgeni wa tatu anayevuka mlango umfuatilie kwa kalamu: alipopita, aliposimama, alikaa dakika ngapi. Hesabu kuwa amesimama pale tu miguu yote miwili imetulia kwa sekunde 3 au zaidi huku akitazama kitu. Andika saa ya kuingia na ya kutoka, na kama alikuwa peke yake, na familia, na mwongozaji au na kundi la shule. Mlangoni weka tangazo dogo linalosema kwamba leo kuna utafiti wa matumizi ya ukumbi; asiyetaka aseme, naye aachwe.

Kazi hii huharibika kwa njia tatu. Ya kwanza ni kuchagua wageni wanaoonekana wachangamfu, ndiyo maana tunasema wa tatu, awe nani. Ya pili ni kumkaribia mno, mgeni akihisi anachungwa anaanza kusoma kila bango kwa adabu. Ya tatu ni kufanya zoezi Jumamosi na Jumapili tu. Gawanya siku: za katikati ya wiki, za mwisho wa wiki, na angalau siku mbili za mabasi ya shule.

Karatasi 50 zikishajaa, ziweke juu ya meza moja na uhesabu ni wageni wangapi walisimama mbele ya kila kitu. Picha hujitokeza haraka. Karibu kila mahali chumba cha kwanza hula muda mwingi na cha mwisho hupitwa mbio, kwa hiyo kama jambo lenu zito limewekwa mwisho, wengi hawalifikii wakiwa na nguvu. Angalia pia wanaogeuka na kurudi nyuma: hapo njia haieleweki.

Kisha waulize wanaotoka. Usiulize kama wamefurahia. Mgeni wa Kiswahili ana adabu, atasema "nzuri sana, hongereni", nawe hutakuwa umepata kitu. Maswali matatu yanatosha: Ukifika nyumbani utawasimulia nini? Kuna kitu ulikuja kukitafuta na hukukiona? Ni wapi ulipotea au hukuelewa? Andika majibu kwa maneno yake mwenyewe, usiyasafishe. Kitabu cha wageni kipitie pia, lakini kwa nchi watu watokako na tarehe walizokuja. Safu ya maoni imejaa pongezi.

Wasahauliwao kila mara ni mlinzi, mfagiaji na mkata tiketi. Wao ndio wanaoulizwa "choo kiko wapi", "hiki ni cha kweli?", "mbona hamna habari za babu zetu?" Kaa na kila mmoja nusu saa, na umwombe orodha ya maswali kumi anayoulizwa zaidi. Orodha hiyo ina thamani kuliko kurasa nyingi za uchambuzi wa nguvu na udhaifu.

Sikiliza waongozaji

Kwa ridhaa yao, rekodi waongozaji watatu wakieleza chumba kimoja, uandike walichosema na ulinganishe. Utakuta tarehe zinatofautiana, idadi ya waliokufa inapanda kadiri wageni wanavyoshangaa, na hadithi fulani haina mzazi. Msiwalaumu. Mwongozaji anayeishi kwa bakshishi hujifunza upesi ni sentensi ipi inafungua pochi, na makumbusho hayakumpa nyingine ya kuishindanisha nayo.

Chukua kila dai kubwa ulipake rangi. Kijani: lina ushahidi wa hati, kitu au uchimbaji. Njano: ni masimulizi ya wazee au ya familia, na litaendelea kusemwa ila kwa kutajwa hivyo. Nyekundu: halina msingi, au ushahidi unalipinga. Mfano unaojulikana uko Mkunazini, Zanzibar. Soko la watumwa lilifungwa kwa mkataba wa Sultani Barghash wa mwaka 1873, na kanisa kuu la Anglikana likajengwa mahali pale. Hayo ni kijani. Lakini vyumba vya chini vinavyoonyeshwa jirani na kanisa kuwa ndimo watumwa walimofungiwa vimetiliwa shaka na baadhi ya wanahistoria, kwa kuwa jengo lililo juu yake ni la kipindi cha wamisionari. Dai kama hilo likipakwa nyekundu halina haja ya kufutwa kimyakimya. Liwekeni mbele ya mgeni kama mjadala: wanaosema hivi wana hoja hizi, wanaopinga wana hizi. Wageni husimama zaidi kwenye mjadala kuliko kwenye uhakika, na msipofanya hivyo, siku mgeni mmoja atakaposoma mahali pengine kwamba si kweli, atatilia shaka hata yale ya kweli.

Rejista, stoo na paa

Kabla ya kuahidi onyesho jipya jua mna nini. Fungua rejista, chagua kwa kubahatisha namba 50 za vitu, nenda stoo ukavitafute. Halafu geuza: chagua vitu 50 kwenye rafu na uvitafute rejistani. Mkipata zaidi ya 45 kila upande, hali ni njema. Mkipata 30 au pungufu, lengo la kwanza la mpango wenu limeshajiandika, nalo ni kupanga stoo na kuhakiki rejista. Shirika la kimataifa la uhifadhi wa urithi, ICCROM, lina utaratibu uitwao RE-ORG, uliotengenezwa kwa ajili ya makumbusho madogo yenye stoo zilizozidiwa, na unaweza kufuatwa na watumishi wenyewe bila kumwajiri mtaalamu wa nje.

Kwa kila kitu mnachofikiria kukionyesha, ulizeni kilifikaje: kilinunuliwa, kilitolewa, kilinyang'anywa, kiliokotwa kwenye msako wa kikoloni? Mwaka 2024 Chuo Kikuu cha Cambridge kilikabidhi vitu 39 kwa makumbusho ya taifa ya Uganda kwa njia ya mkopo. Habari za namna hiyo sasa zinasomwa simuni na kila mtu, na mgeni anakuja na swali hilo mdomoni. Safari ya kitu yenyewe ni sehemu ya maelezo yake.

Halafu mazingira. Nguo, karatasi, picha na manyoya havifai kupigwa na mwanga unaozidi lux 50. Mbao iliyopakwa rangi huvumilia hadi 200 hivi. Mawe, vyungu na chuma havina shida na mwanga. Programu ya simu hupima lux kwa kukadiria, na makadirio yanatosha kugundua kabati lililo mkabala na dirisha. Pwani tatizo kubwa ni unyevu: hewa ikikaa juu ya asilimia 65 hadi 70 kwa siku nyingi, ukungu huota. Kosa la kawaida ni kuwasha kiyoyozi mchana na kukizima saa kumi na moja jioni ofisi inapofungwa. Unyevu unashuka mchana na kupanda usiku, mbao inavimba na kusinyaa kila siku, nyufa zinafuata. Bora madirisha yenye wavu, feni ya kusukuma hewa, rafu zilizoinuliwa sentimita 15 kutoka sakafuni na makabati yaliyosogezwa sentimita 10 kutoka ukutani, ili hewa ipite na mchwa waonekane mapema.

Na jengo. Beit al-Ajaib ya Zanzibar, iliyojengwa mwaka 1883 na iliyokuwa makumbusho, iliporomoka sehemu mwaka 2012 ikafungwa kwa wageni. Tarehe 25 Desemba 2020, ikiwa kwenye ukarabati, upande mkubwa wa mbele ulianguka na watu wawili wakafa. Mnapokagua, pandeni darini msimu wa mvua, si kiangazi. Kama paa linavuja, kila shilingi inayokwenda kwenye mabango kabla ya paa imetupwa, na mshauri anayeogopa kumwambia hivyo mkurugenzi arudishe malipo yake.

Sentensi moja

Hapa ndipo penye uzito, nasi tunapendekeza mpape muda kuliko hatua nyingine yoyote. Makumbusho yanahitaji sentensi moja kamili inayosema onyesho linadai nini. Sentensi, wala si kichwa cha habari. "Vita vya Maji Maji, 1905–1907" ni kichwa cha habari; hakuna anayeweza kukipinga wala kukikumbuka. Tazama hii:

"Watu wa kusini mwa Tanganyika, ambao hawakuwa na mtawala mmoja, walishika silaha pamoja dhidi ya Wajerumani, na njaa iliyoletwa na kuchomwa kwa mashamba na maghala yao ikaua wengi kuliko risasi."

Sentensi hii ina mtendaji, ina kitendo, ina matokeo. Zaidi ya hayo, inafanya kazi ya kupanga. Inataka kitu kinachoonyesha namna ujumbe wa maji ya dawa ulivyosafiri kutoka Ngarambe, kwa Kinjikitile Ngwale, hadi kwa Wangoni. Inataka sehemu ya njaa, ambayo maonyesho mengi ya vita huisahau kwa sababu bunduki huwekeka kwenye kioo na njaa haiwekeki. Na inatoa nje kabati la sarafu za Kijerumani ambalo limekaa pale kwa kuwa sarafu zilikuwepo. Kama sentensi yenu haiwezi kutoa kitu chochote nje ya ukumbi, bado ni pana mno.

Ipateni hivi. Watu 6 hadi 8 chumbani, akiwemo mwongozaji mmoja na mlinzi mmoja. Kila mtu aandike sentensi yake peke yake kwa dakika kumi, kimya. Zibandikeni ukutani, zisomwe bila majina. Piga mstari chini ya maneno yanayojirudia, futa maneno kama "utajiri wa historia", "tamaduni mbalimbali" na "kurithisha vizazi", maana yanafaa makumbusho yoyote duniani. Andikeni upya wawili wawili. Isomeni kwa mtu asiye wa makumbusho, dereva wa bodaboda aliye getini anafaa sana, na mumwulize umesikia nini. Mara ya tatu au ya nne huwa inakaa. Mkifika saa sita mchana hamjaipata, ahirisheni hadi wiki ijayo. Sentensi iliyopatikana kwa uchovu huwa ya kumridhisha bosi.

Chini ya sentensi hiyo wekeni hoja 3 au 4, basi. Kisha muulize sauti ya nani haipo. Kwa Maji Maji orodha huanza haraka: wanawake, kuanzia Mkomanile, kiongozi wa kike aliyenyongwa Songea, askari Waafrika waliopigana upande wa Wajerumani, wakulima waliokimbilia misituni, na familia za waliouawa. Makumbusho ya Songea yako karibu kabisa na swali hili. Watu walinyongwa pale tarehe 27 Februari 1906, na ukoo wa Nduna Songea Mbano bado unalitafuta fuvu lake Ujerumani. Tarehe 1 Novemba 2023 Rais Frank-Walter Steinmeier alifika huko akaomba msamaha. Onyesho lolote la Maji Maji lisilogusa miaka hii ya karibuni humwacha mgeni na swali alilokuja nalo.

Majengo yenye zama nyingi yana shida ya pekee. Fort Jesus ilijengwa na Wareno kati ya 1593 na 1596, Waomani wakaichukua mwaka 1698, Waingereza wakaifanya gereza kuanzia 1895 hadi 1958. Vitu vya zama moja vikiwa vingi, mkono hujiandikia zama hiyo. Mahali pa namna hii, hesabu ukuta: ni mita ngapi za ukuta zimepewa kila kipindi, na je, kipindi ambacho babu wa mgeni wa mjini alikiishi kimepata hata mita mbili?

Kuzungumza na jamii, na suala la posho

Kikao kimoja cha wadau 60 ukumbini hakitoi chochote ila picha ya pamoja. Nendeni kwao. Makundi ya watu 6 hadi 8, wazee wa kiume, akina mama na vijana kila mmoja kivyake kwanza, maana mama hatamkatiza mzee mbele ya watu. Pitieni kwa mwenyekiti wa mtaa au kijiji, kwa Kenya kwa chifu na wazee wa mtaa, mseme mnachotaka na mtakachorudisha. Nauli na posho zitajwe mapema, ziwe sawa kwa wote, zisainiwe. Kiwango kikubwa huleta wenye njaa ya posho, na kidogo mno ni dharau.

Msiende na maswali ya "mnataka nini kwenye makumbusho?" Nendeni na vitu: picha 8 hadi 10 za vitu vya stoo, mzitandaze mkekani, muulize hiki nani alikitumia, nani hakuruhusiwa kukishika, kinafaa kuonwa na kila mtu? Jibu la swali la mwisho liheshimiwe. Vigango vya Wamijikenda, nguzo za kuwakumbuka wazee waliofariki wa Gohu, chama cha wazee wenye hadhi, viling'olewa kaya baada ya kaya na kuuzwa kwa wakusanyaji wa ng'ambo kana kwamba ni mapambo; mwaka 2014 Denver Museum of Nature & Science ya Marekani ilikubali kurudisha 30. Makumbusho ya nyumbani yanaweza kufanya kosa hilo hilo kwa kuvipanga tu kwenye kabati bila kuwauliza wenyewe.

Muhtasari wa mazungumzo usomwe kwa kundi kabla ya kutumiwa, na ruhusa ya sauti na picha iandikwe: itumike wapi, kwa muda gani, nani aulizwe siku zijazo mwenye sauti akishafariki. Hili la mwisho husahauliwa, na ndilo huleta ugomvi.

Kuandika mabango

Andikeni kwa Kiswahili kwanza, halafu ndipo Kiingereza kiandikwe kutoka hapo. Mkifanya kinyume mtapata Kiswahili kilichonyooshwa mgongo, kisichosomeka kwa sauti. Kwa Tanzania kuna sababu nyingine ya wazi: somo la Historia ya Tanzania na Maadili hufundishwa kwa Kiswahili, na mwalimu anayeleta darasa anataka maneno ambayo wanafunzi watayakuta kwenye daftari.

Vipimo vinavyofanya kazi ni hivi. Bango la kufungulia ukumbi maneno 100 hadi 150, bango la sehemu 70 hadi 90, kibao cha kitu kimoja 30 hadi 50. Herufi za kibao pointi 20 hadi 24, za bango angalau 36, za kichwa 100 na zaidi. Mstari usizidi herufi 60. Katikati ya bango iwe sentimita 140 hadi 150 kutoka sakafuni. Vibao vya chini vilazwe mshazari, na visishuke chini ya sentimita 80, la sivyo mtu mzima hainami. Herufi nyeusi juu ya rangi ya maziwa. Kamwe msiandike juu ya picha.

Huu hapa mfano wa kibao. Kabla:

"JEMBE. Chuma na mti. Lilitumika kwa shughuli za kilimo. Umatumbi."

Baada:

"Kwa jembe kama hili watu wa Umatumbi walilazimishwa kulima pamba ya serikali ya Kijerumani huku mashamba yao ya chakula yakisubiri. Julai 1905, huko Nandete, miche ya pamba iling'olewa. Aliyeing'oa alijua anatangaza vita."

Maneno hayafiki 40. Chuma na mti mgeni anaviona mwenyewe. Kinachomsaidia ni kile ambacho macho hayakioni: nani, lini, kwa nini ilikuwa hatari. Na neno "kama" katika sentensi ya kwanza lina kazi yake, linamwambia mgeni kwamba jembe hili halikuthibitishwa kuwa la Nandete. Uaminifu wa namna hiyo haugharimu nafasi.

Usichapishe bado. Toa nakala kwa printa ya ofisi, bandika kwa utepe wa karatasi mahali kibao kitakapokaa, na uiache wiki mbili. Simama karibu, sikiliza watu wakisomeana. Wanapojikwaa, neno ni gumu au sentensi ni ndefu. Wakiuliza swali ambalo kibao kimelijibu, basi jibu limefichwa mwisho, lipandishe juu. Watu 8 wanatosha kufichua makosa mengi. Rekebisha, bandika tena. Ndipo upeleke kwa mchapaji, na umtake akupe kipande kimoja cha majaribio chenye nyenzo halisi ukitundike ukumbini wiki nzima. Stika ya plastiki iliyobandikwa juu ya ukuta wa chokaa pwani hubanduka pembe baada ya masika moja, kwa sababu chokaa hupumua unyevu. Ubao wa alumini uliofungwa kwa skrubu zisizoshika kutu, ukiachwa nafasi ya sentimita 1 nyuma yake, hukaa miaka.

Skrini za kugusa tunazipinga mpaka mtuonyeshe vitu vitatu: umeme usiokatika kwenye chumba hicho, kipuri kilichopo stoo, na jina la mtumishi atakayeirekebisha. Skrini iliyozimika ukumbini humwambia mgeni kwamba hapa hapaangaliwi.

Waongozaji wapewe vituo vitano na swali moja la kuuliza kila kituo, badala ya hotuba ya kukariri. Dakika 45 kwa jumla. Kundi la shule la watoto 200 ligawanywe makundi ya 25 au 30, yapokezane: moja ukumbini, moja uani, moja likichora, moja likila. Mwalimu apigiwe simu siku tatu kabla, aulizwe darasa la ngapi na wako mada gani. Hili peke yake hubadilisha ziara kuliko bango lolote.

Sasa mpango mkakati

Mpaka hapa mna ramani 50 za wageni, orodha ya maswali, madai yaliyopakwa rangi, hali ya stoo na paa, sentensi moja na maneno ya jamii. Itisheni siku mbili, pale pale makumbusho, watu wasiozidi 15. Siku ya kwanza asubuhi wote watembee ukumbini wakiwa na ramani mkononi. Mchana andikeni malengo. Matatu hadi matano, hakuna la sita. Kila lengo liwe na mtu mmoja mwenye jina, kiasi cha fedha na chanzo chake, tarehe, na alama ya kuthibitisha ambayo mtu wa nje anaweza kuiona. "Kuboresha huduma kwa wageni" halina alama. "Ifikapo Juni mwakani, vibao vyote vya chumba cha 2 viko kwa Kiswahili na vimejaribiwa kwa wageni 8" lina alama.

Siku ya pili andikeni orodha ya kuacha. Mipango mingi haina orodha hii, na ndiyo maana haitekelezeki: watumishi ni wale wale, saa ni zile zile, kazi zimeongezwa kumi. Je, onyesho la muda la kila Desemba lisimame kwa miaka miwili? Je, duka la vinyago likodishwe kwa mtu? Kama hakuna aliyekasirika kidogo siku hiyo, hamjaacha kitu.

Bajeti ya miaka miwili ya kwanza iwe ya kina. Mitatu inayofuata makadirio. Kwenye gharama za onyesho jipya weka pembeni kama asilimia 10 ya dharura, na kila mwaka tenga fedha za matengenezo ya kile kilichokwisha kujengwa. Mfadhili atakapokuja na fedha za jambo lisilo ndani ya malengo yenu, ombeni azielekeze kwenye mojawapo. Akikataa, hesabuni kwanza nani atalipia umeme na ulinzi wa kitu hicho mradi ukiisha.

Tarehe nazo zina hila. Tanzania, Kenya na Uganda mwaka wa fedha huanza Julai 1, na makadirio hukusanywa miezi mingi kabla. Makumbusho ya umma yakikamilisha mpango Aprili, bajeti ya Julai imeshafungwa, na fedha za kwanza zitaonekana baada ya miezi 14 au 15. Kwa hiyo anzeni kutazama wageni Aprili au Mei, ili kufikia Oktoba mpango uwe mezani kwa wizara au bodi. Kama taasisi mama ina umbo lake rasmi la mpango, lenye dira, dhima, malengo mahsusi na viashiria, jazeni umbo hilo, lakini kwa watumishi toeni ukurasa mmoja: sentensi, malengo, majina, tarehe. Ubandikwe chumba cha chai.

Kila robo mwaka kutaneni saa moja tu na ukurasa huo, mwandike kimefanyika, hakijafanyika, kwa nini. Baada ya mwaka mmoja rudieni zoezi la ramani, karatasi 50, ukumbi ule ule. Lifanyeni mwezi ule ule mliolifanya mwanzo, kwa sababu likizo za shule, Ramadhani na msimu wa watalii hubadilisha wanaoingia mlangoni. Na Ramadhani yenyewe husogea siku kama 11 kila mwaka, hivyo angalieni kalenda kabla ya kulinganisha.